Irembo: lango la ua wa Burundi, kutoka Gitega hadi Muyinga

Irembo ni uwazi ulioachwa katika ua wa miti unaozunguka makazi ya Kirundi, na ndiyo njia ya watu na ng'ombe kuingia na kutoka. Burundi ya kale haikuwa na mji wenye ukuta. Gitega haikuwahi kuwa na lango la mawe kama yale ya Gedi au ya Ngome ya Yesu kule Mombasa, na Muyinga vilevile. Kabla ya karne ya 20 kila kaya ilikaa peke yake juu ya kilima, katikati ya migomba yake, na kutoka kaya moja hadi nyingine kulikuwa na mashamba na malisho. Mwami, yaani mfalme, mwenyewe hakuwa na mji. Alikuwa na makazi kadhaa, akihamia hapa na kurejea pale. Kwa hiyo mtu anayetafuta lango la kale la Gitega hana budi kuanza na ua: ua wa mkulima, ua wa chifu, ua wa mwami. Ni ujenzi wa miti, fito, matete na nyasi. Haukuacha gofu hata moja, lakini uliacha alama ambazo anayezijua anaziona mpaka leo.

Makazi ya kaya moja huitwa rugo. Ua wake ulikaribia kuwa duara. Vigingi vya miti inayoshika mizizi upesi vilichomekwa ardhini kwa kukaribiana: umuvumu, ambao ni wa jamii moja na mkuyu, pamoja na mnyaa, ambao utomvu wake mweupe huwasha macho na kuwafanya mifugo wauepuke. Penye kaya palipandwa pia umurinzi, mti wa maua mekundu ambao watu wa Pwani huuita mwamba-ngoma. Huo ulikuwa mti wa Kiranga, mkuu wa pepo walioheshimiwa katika dini ya kale ya Warundi, na kuwepo kwake kulionyesha kwamba kaya ina mlinzi asiyeonekana. Nafasi baina ya vigingi zilisukwa kwa fito na matete. Katika milima ya kati mvua huanza Septemba au Oktoba na huendelea hadi Mei, kwa hiyo kigingi kibichi hakikukawia kuchipua. Baada ya misimu michache ua ulikuwa umesimama wenyewe, ukiwa hai, na kazi ya mwenye kaya ilikuwa kuukata usizidi na kuziba mahali palipopwaya.

Irembo lilipewa miimo minene kuliko vigingi vingine, kwa sababu hapo ndipo ng'ombe walipojisugua wakiingia. Halikuwa pana. Njia nyembamba ilimpa mchungaji nafasi ya kuhesabu mifugo jioni, ng'ombe mmoja nyuma ya mwingine, na kumwona aliyechechemea au aliyekosekana. Usiku njia hiyo ilikingwa kwa magogo yaliyolazwa kukatiza miimo, moja juu ya jingine, na asubuhi yaliondolewa kabla kundi halijatoka. Lango la namna hii halihitaji bawaba, wala kufuli, wala seremala. Lilihitaji mtu wa kulifunga na mtu wa kulifungua, na katika kila kaya kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Ndani ya irembo kulikuwa na ua wa mbele, Warundi wakiuita intangaro, ambapo ng'ombe walilala wakizunguka moto wa samadi uliofukuza inzi na mbu. Upande wa pili ilisimama nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mwingine mdogo zaidi, wenye vihenge vya mtama na maharagwe na shughuli za ndani za familia. Mpangilio huu ulimpima mgeni kwa hatua. Asiyejulikana alibaki nje ya irembo akabisha kwa sauti. Jirani aliingia mpaka intangaro. Rafiki au mkwe alikaribishwa chini ya paa. Ua wa nyuma ulikuwa wa watu wa nyumba. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu mipaka hiyo, lakini kila mtoto aliijua, na aliyeruka ua badala ya kupita irembo alijitangaza kuwa ni mwizi au adui.

Makazi ya mwami, yaani ibwami, hayakubuniwa kwa mtindo mwingine. Yalikuwa rugo lilelile likikuzwa na kuzidishwa. Ndani ya ua mkubwa kulikuwa na nyua nyingine zilizounganishwa kwa malango yake, na kila ua ulikuwa na kazi: ng'ombe wa mwami, ngoma, wake na watumishi, akiba ya maziwa na pombe, na katikati ya yote ingoro, nyumba ya mfalme. Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alizuru Burundi mwaka 1911 na kuchapisha kitabu chake kuhusu Warundi mwaka 1916. Yeye na wamisionari wa zama zake waliona nyua hizi zikiwa bado zinatumika. Nyumba ya mfalme ilifanana na ya raia kwa umbo. Tofauti ilikuwa katika ukubwa, katika usukaji wa matete, na katika idadi ya malango ambayo mtu alipaswa kupita kabla ya kuifikia.

Hapo ndipo irembo lilipokuwa chombo cha utawala. Wakuu kutoka mbali walifika na vibuyu vya pombe ya mtama na ya ndizi, mitungi ya asali, mikeka na ng'ombe, wakakaa nje wakisubiri kuitwa. Aliyekuwa na kesi alisubiri pia. Aliyeteuliwa kutunza lango, au aliyezoeleka kupita bila kuulizwa, alikuwa na nguvu ambayo cheo chake peke yake hakikumpa. Kila mwaka, wakati wa kupanda mtama, sherehe ya umuganuro iliwaleta watu wa kila eneo la ufalme katika makazi ya mwami, na ngoma zilitolewa nje. Umuganuro wa mwisho wa kifalme ulifanyika mwaka 1929, chini ya Wabelgiji. Tangu hapo malango ya ibwami yalipoteza siku yake kuu, na ni vigumu kutaja pigo lililoudhoofisha ujenzi huu zaidi ya hilo. Ua wa miti hujengwa upya pale tu panapokuwa na sababu ya watu wengi kukusanyika na kuujenga.

Ulinzi wa kivita haukuwa sababu hiyo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, Mohamed bin Khalfan, ajulikanaye zaidi kama Rumaliza, akiwa na watu wenye bunduki kutoka upande wa Ujiji, alijaribu kupenya Burundi akashindwa. Kilichomzuia ni majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo na milima yenyewe. Vivyo hivyo, Wajerumani walipompiga vita Mwezi kwa msaada wa wapinzani wake Kilima na Maconco, matete hayakuwa na la kufanya mbele ya risasi. Tarehe 6 Juni 1903 Mwezi alikubali masharti ya Wajerumani huko Kiganda. Aliendelea kuwa mwami hadi alipofariki mwaka 1908, akiishi katika nyua za aina ileile kama za baba yake, Ntare Rugamba. Ua ulikuwa mpaka wa heshima, na mpaka wa namna hiyo hulindwa na wanaoukubali.

Gishora, kilima kilicho kilomita 7 hivi kutoka mjini Gitega, ndiko mahali panapoonyesha mambo haya vizuri zaidi leo. Simulizi husema kwamba Mwezi Gisabo alijenga hapo baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Mahali hapo paliwekwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa, ambazo hazipigwi. Walioachiwa kuzilinda ni watimbo, wapiga ngoma ambao kazi hiyo hurithishwa katika koo zao. Ndani ya ua wa Gishora kuna nyumba ya mfalme ya nyasi na hifadhi ya ngoma. Wapiga ngoma huingia uwanjani wakiwa wamejitwika ngoma kichwani huku wakizipiga, mmoja nyuma ya mwingine. Anayeutazama mstari huo ukipita kwenye uwazi wa ua huelewa kwa nini irembo halikujengwa pana: ujio wa ngoma ulikuwa msafara, na msafara huhitaji njia inayowapanga watu. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Makazi ya kifalme ya Gishora yenyewe yamo katika orodha ya maeneo ambayo Burundi inakusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia.

Majengo yaonekanayo Gishora yamefanywa upya mara nyingi, na hilo halipunguzi thamani yake. Nyasi za paa huoza, matete huliwa na mchwa, fito hulegea. Katika ujenzi wa mawe mtu huuliza jiwe lina umri gani. Hapa swali la maana ni kama ufundi umepita bila kukatika kutoka mkono hadi mkono: anayejua kuchagua nyasi, anayejua kuusuka ua, anayejua mahali pa kuweka irembo. Mfano wa jirani unasaidia. Katika makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, mgeni hupita kwanza katika nyumba ya lango iitwayo Bujjabukula, yenye nguzo za mbao, kuta za matete na paa la nyasi. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu ya makaburi hayo, lakini Bujjabukula ilibaki. Kuijenga tena nyumba kuu kulichukua zaidi ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwapata na kuwafundisha waezekaji. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Gishora haijapata msiba wa namna hiyo wala fedha za namna hiyo, ingawa ufundi unaohitajika ni wa aina moja.

Makazi mengine ya wafalme hayakujengwa upya. Yaliachwa mwami alipohama au alipofariki. Nyumba zilianguka, matete yakaoza, lakini vigingi vilivyoshika mizizi viliendelea kukua. Kigingi cha umuvumu kilichokuwa unene wa mkono kikawa, baada ya miongo kadhaa, mti ambao watu watatu hawawezi kuukumbatia. Vichaka hivi vya miti mikubwa juu ya vilima, vinavyoitwa ibigabiro, ndivyo ramani ya majumba ya kifalme ya Burundi. Wakazi waliviheshimu; kukata mti hapo kulikuwa mwiko. Katika baadhi yake mtu anaweza bado kuufuata mzingo wa ua wa zamani kwa kutembea kutoka shina hadi shina, na pale mashina yanapoachana pande mbili ndipo hudhaniwa palikuwa na lango. Wanaotafuta mahame ya Pwani husoma matumbawe na vigae vya vyungu. Huku juu milimani ushahidi umo kwenye miti, na shoka la siku moja laweza kufuta miaka 150. Kwa hiyo ibigabiro vinastahili kupimwa na kuandikwa kwenye ramani kwa uangalifu uleule unaopewa magofu ya mawe.

Upande wa kaskazini-mashariki, ambako sasa uko mji wa Muyinga, neno lango lilichukua maana nyingine. Eneo hilo liliingizwa kwa nguvu zaidi chini ya mwami wakati wa Ntare Rugamba, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, naye aliwapa wanawe nchi za pembezoni wazitawale. Nyua za watawala hao zilinakili ibwami kwa kipimo kidogo. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa akisafiri kwa ajili ya Wajerumani, aliingia Burundi kutokea upande huo, na umati ulimpokea kwa shangwe ukimdhania kuwa ni mfalme wa kale aliyerudi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka kati ya Wabelgiji na Waingereza uliiacha Bugufi, nchi iliyokuwa chini ya mwami, upande wa Tanganyika, katika Ngara ya leo. Njia zilizokuwa za ndani ya ufalme mmoja ziligeuka kuwa njia za kuvuka mpaka. Leo malori yatokayo Dar es Salaam huingia Burundi kupitia Kobero, katika eneo la Muyinga, na Kiswahili kinachosikika katika masoko ya Muyinga kinatokana kwa sehemu na biashara hiyo, na kwa sehemu na jamii ya Waislamu iliyokita mizizi mjini humo tangu enzi za ukoloni.

Lango la aina ya Pwani na Ulaya lilifika Gitega mwaka 1912. Mwaka huo Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao wa Burundi kutoka Usumbura (Bujumbura ya leo) hadi Gitega, karibu zaidi na mwami, wakajenga boma. Boma la Kijerumani lilikuwa jengo la kuta nene lililotazama uwanja, na wenyeji walilifikia kwa hofu ya kodi na ya kazi za lazima. Pamoja na maaskari, makarani na wafanyabiashara waliolifuata, Kiswahili kilipata makao mapya katikati ya nchi ya Kirundi. Wabelgiji waliiteka Gitega mwaka 1916. Waliifanya Usumbura kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, lakini Gitega ilibaki makao ya afisa wao mkuu wa Burundi, na mwaka 1955 ilipata makumbusho, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa, yenye vyombo na mapambo yaliyotoka katika nyumba za kifalme. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi.

Boma na misheni vilileta tofali, kigae na pembe ya mraba. Mapadre Weupe walikuwa wamefika Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, na kanisa la tofali zilizochomwa lilikuwa kwa watu wengi jengo la kwanza lenye tao juu ya mlango. Nyumba ya mraba ilienea polepole, kwanza kwa makatekista na machifu, kisha kwa kila aliyeweza. Nyumba ya mraba haikai vizuri ndani ya ua wa duara: pembe zake hula nafasi, na mlango wake hutazama barabara kuliko irembo. Ng'ombe walipungua kadiri ardhi ilivyogawanywa, na ua uliokuwa zizi ukapoteza kazi yake ya kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 viliwatoa watu wengi vilimani na kuwakusanya kambini na vijijini, kwenye nyumba zilizopangwa safu kwa safu zisizo na ua. Mjini Gitega na Muyinga ua wa sasa ni wa tofali wenye geti la chuma. Kijijini unaweza bado kukuta uzio wa mnyaa na njia iliyoachwa kati ya miimo miwili.

Muyinga, hata hivyo, ina jengo moja linalohusu mada hii moja kwa moja. Ni maktaba iliyokamilika mwaka 2012 kwa ajili ya shule ya watoto viziwi, iliyobuniwa na wasanifu wa BC Architects wa Brussels pamoja na mafundi na wakazi wa Muyinga. Kabla ya kuchora, wasanifu hao walitembelea majengo ya eneo hilo wakaangalia watu wanatumiaje nyumba zao. Kuta zilijengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa, hivyo hakuna kuni zilizotumika. Paa ni la mbao za mkaratusi na vigae vya kienyeji, likichomoza nje ya kuta ili mvua isiyaloweshe matofali mabichi. Ndani, wavu wa mkonge uliofumwa kwa mikono umetandazwa juu ili watoto walale wakisoma.

Kitovu cha jengo hilo ni kibaraza kirefu kilichofunikwa, ambacho wasanifu walikiona katika nyumba za Kirundi: mahali pa kukwepa jua na mvua, kungoja, kuzungumza, kuuza kitu kidogo. Kati ya nguzo zake wameweka milango yenye uwazi. Ikifungwa, maktaba ni ya shule. Ikifunguliwa, ni ya wapita njia pia, na kibaraza kinaungana na uwanja wa nje. Kwa hiyo mpaka kati ya mwenyeji na mgeni unaamuliwa siku kwa siku na wanaolitumia jengo, kama ulivyoamuliwa kwa magogo ya irembo. Hakuna duara hapo wala nyasi, na wasanifu hawakujifanya wanajenga ibwami. Walichochukua ni kanuni ya njia ya kuingilia yenye hatua, pamoja na utegemezi wa udongo, mti na mikono ya karibu. Matofali hayo ya udongo, kama paa la nyasi la Gishora, yanahitaji mtu wa kuyatunza kila msimu wa mvua, na waliojifunza kuyatengeneza wakati wa ujenzi wanaishi Muyinga.